Mistari Miwili ya Akinyi

Nyar Kasipul alizikwa siku ya Jumapili, kwa kuwa Wasabato hawazikani Jumamosi, na mimi nilifika kutoka Migori nimechelewa, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, na yeye alitoka pande za Oyugis, huko Kasipul, basi akawa binti wa Kasipul mpaka kaburini. Mwanawe Akinyi alikuwa ameketi karibu na jeneza. Aliponiona alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi, tukakaa bega kwa bega kama tulivyokaa zamani kwenye dawati. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, mshahara wangu ni wa maneno, na siku ile nilikosa hata moja la kumpa. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sijampata bado, lakini majuto ninayo, na karibu yote yanatoka katika mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la nane nikiishi katika chumba cha mama huyo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kupanga, nyuma ya soko la Migori, kimegawanywa katikati kwa leso mbili zilizoshonwa pamoja. Upande wa mlangoni palikuwa na meza, stuli, jiko la makaa na magunia ya chumvi. Upande wa ndani palikuwa na vitanda viwili, kimoja cha mama na kimoja cha Akinyi na mimi. Nilipelekwa pale kwa sababu kwetu kulikuwa mbali na shule, na kwa sababu mama yangu, karani wa ofisi ya serikali, aliamini kwamba nyumba ya Wasabato haina mchezo. Hakukosea. Nyar Kasipul aliuza chumvi: ya kula, aliyoipima kwa kikombe, na ya mawe, ya kulambwa na ng'ombe, ambayo siku ya mnada aliipeleka Ogwedhi kwa wafugaji. Alishika chumvi mchana kutwa, na mikono yake ilipasuka kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Jioni aliipaka mafuta ya mgando akiguna, kisha akapika. Chai haikuingia mle ndani, imani yao haikuiruhusu. Mimi Mkatoliki niliyezoea chai ya majani kila asubuhi nilipewa soya ya moto, na wiki ya kwanza niliinywa nikidhani ni adhabu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu, kwa maana chakula cha Sabato kilipikwa chote kabla jua halijatua, chapati, maharagwe, samaki aina ya ngege wa kukaanga, na mimi na Akinyi tuliruhusiwa kuonja kila sufuria ili kuhakikisha, alivyosema mama, kwamba hatutalaumiana kesho.

Shuleni tulikuwa mikononi mwa Mwalimu Ogweno, aliyetufundisha Kiingereza kwa vina. Aliingia darasani bila salamu, akataja neno moja, akamnyooshea mtu kidole, na mtu huyo alipaswa kusimama na neno linaloishia kwa sauti ileile. Akisema "night", usiku, unamjibu "light", mwanga, jirani yako anasema "fight", vita, na mnyororo unakwenda hivyo mpaka dirishani. Alituonya tusiyaamini macho. "Home" na "come" yameandikwa kama mapacha lakini hayajuani, alisema, wakati "bread", mkate, na "said", yaani kusema kwa wakati uliopita, hayafanani hata kidogo usoni na bado ni damu moja. Sisi Waluo tulikuwa na tatizo letu la ziada, kwa sababu sauti ya "sh" hututoroka. Samaki kwa Kiingereza alikuwa "fis" na kutamani kukawa "wis", basi asubuhi moja darasa zima likafanya shhh, shhh, mpaka mwalimu wa darasa la tatu akaja mlangoni kuuliza ni nani analaza mtoto.

Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo. Neno likitoka kinywani mwa mwalimu, mimi tayari nina ndugu zake watano, na maana zao sizijui wala hazinisumbui. Akinyi alikuwa mtu wa namna nyingine. Alisimama, kisha akauliza, "Mwalimu, maana yake nini?" Asipoambiwa, hakulitamka. Mwalimu Ogweno alikereka, akamwambia sauti kwanza, maana itafuata yenyewe, lakini jambo hilo lilimkera kwa namna ya heshima, kwa kuwa hakuwahi kumpiga kwa ajili hiyo. Siku moja tukichota maji nilimwuliza Akinyi kwa nini anajitesa. Akasema, "Nikisema neno nisilolijua, ni nani anayesema?" Nilimcheka. Nilidhani ni ukaidi wa Kisabato, kama ule wa kukataa chai.

Wakati wa chakula cha jioni Nyar Kasipul, ambaye shule aliiacha angali mdogo, alidai naye alishwe vina. Tulimwambia kwa Kijaluo, ninavyoyaandika hapa kwa Kiswahili, kwamba leo tumejifunza "rain", mvua, na ndugu yake "pain", maumivu. Alitafuna akifikiri, akasema mvua ya hao Wazungu basi ni mbaya, maana yetu hapa ni ndugu ya mahindi. Tukampa "bone", "stone" na "alone", mfupa, jiwe na upweke. Akasema hao watatu amewaelewa, hao wanaishi nyumba moja kweli. Nakumbuka Akinyi alivyomtazama mama yake siku hiyo, kwa fahari, mkono ukiwa umesahau tonge hewani. Nimekaa meza nyingi za wasomi tangu wakati ule, na sijakaa nyingine nilipocheka kama pale.

Mambo yalianza kuwa mazito Jumapili moja mchana, baada ya chakula. Mimi na Akinyi tulikuwa tumelala nyuma ya leso, na mgeni wa mama, mdogo wake wa kike aliyekuwa na biashara ya omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, alidhani tumesinzia. Alisema kule kisiwani kazi ni nyingi na mikono ni michache, anahitaji msichana wa kuanika na kuuza, na huyu Akinyi ni mkubwa sasa, anakaa hapa akiimba Kizungu na shule ya sekondari hataiona. Nyar Kasipul alifunga mdomo wa gunia la chumvi. Halafu akasema, "Akipata shule, ataenda shule. Asipopata, Januari njoo umchukue. Chumvi hii haiwezi kulipa karo." Ubavuni mwangu Akinyi alikuwa macho. Hakulia. Alivuta shuka mpaka kidevuni ingawa joto lilikuwa kali, na hakulitaja jambo hilo kwa wiki nzima.

Kisha mlango ukafunguka, au tulidhani hivyo. Kulikuwa na mashindano ya kughani mashairi ya Kiingereza, shule kwa shule, na fainali zingekuwa Homa Bay. Mwalimu Ogweno alitueleza kwamba mmoja wa waamuzi angekuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana, mtawa, na kwamba kila mwaka mtawa huyo huchagua msichana mmoja anayeghani kwa roho yake, akampa nafasi ya kidato cha kwanza, na kanisa linambebea gharama zote. Alisema hayo kwa darasa zima lakini macho yake yalikuwa kwa Akinyi. Tulikuwa kundi kubwa la kughani pamoja, na mwishoni mtu mmoja angejitokeza mbele kusema mistari miwili peke yake. Huyo ndiye angesikika.

Shairi alilitunga Mwalimu mwenyewe, kuhusu ziwa na nyavu tupu. Kwa mstari wa mwisho alitaka neno "fault", kosa, nao ndugu zake ni wachache. Alijaribu "halt", simama, halikukaa. Mimi nikatoa "malt", na alipoeleza kwamba hiyo ni kimea cha pombe darasa lilimgeukia Akinyi na kuangua kicheko. Lilibaki "salt", chumvi, na Mwalimu akalikataa, kwa sababu ziwa letu halina chumvi. Akinyi akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mama yangu huuza chumvi. Mikono yake imepasuka." Ndivyo ilivyozaliwa mistari yake: "My mother's hands are rough with salt, the empty net is no one's fault." Mikono ya mama yangu imekwaruzika kwa chumvi, wavu mtupu si kosa la mtu. Alipoisema mara ya kwanza, polepole, kila neno akiwa amelipima kabla ya kulitoa, Mwalimu Ogweno alienda dirishani akatugeuzia mgongo. Nyumbani aliifanyia mazoezi mbele ya magunia, mama yake akipaka mafuta na kumwuliza hapo umesema nini, na Akinyi akakataa kumwambia, akitaka aisikie kwanza siku yenyewe.

Fainali zikawekwa Jumamosi. Msomaji asiyewajua Wasabato ataona ni jambo dogo. Kuanzia Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua, hawafanyi kazi, hawauzi, hawashindani. Nyar Kasipul alikwenda kwa mchungaji wake, akarudi na jibu kwamba ukumbi ni wa watu lakini jua ni la Mungu. Jua likishatua, mtoto anaweza kughani mpaka asubuhi. Mwalimu Ogweno alipopata jibu hilo alifurahi sana. Aliwaomba waandalizi tuwe wa mwisho kabisa, wakakubali. Alimweleza mama, na mimi nilikuwepo, kwamba katika maisha yake yote hajaona sherehe hapa kwetu iliyoanza saa iliyoandikwa. Mgeni wa heshima atachelewa, hotuba zitarefuka, shule zitasahau mavazi, na kundi la mwisho sharti lighani kwa taa. "Mama Akinyi, wewe amini tu," alisema. "Huku kwetu jua halijawahi kushindwa na programu." Sote tulicheka, hata mama. Tuliutegemea uchelewaji kama watu wengine wanavyotegemea mvua za masika.

Tulisafiri Ijumaa asubuhi, mama, Akinyi na mimi, ili wasitumie gari siku ya Sabato, tukapokewa na familia ya kanisa lao pale Homa Bay. Jumamosi asubuhi nilikwenda nao ibadani, tukala chapati baridi na maharagwe, na alasiri tukatembea polepole mpaka ukumbini. Mama na Akinyi hawakuingia. Walikaa nje kwenye benchi kando ya ukuta, wote wawili na nguo nyeupe za kanisani, Biblia kati yao, macho kwenye vilima vya magharibi. Niliwaacha pale nikaingia, na mara moja nikaona kuna jambo haliendi sawa. Mgeni wa heshima alikuwa amefika kabla ya wakati. Mvua ya usiku ilikuwa imebomoa daraja njia ya mbali, shule kadhaa hazikuweza kufika, na mgeni mwenyewe aliogopa barabara hiyohiyo, akaomba hotuba zifutwe. Kundi lilishuka jukwaani, lingine likapanda. Mwalimu Ogweno alikuwa akifuta jasho na kuomba wenzetu wapige makofi zaidi, ili walau yachukue muda.

Tulipoitwa, jua lilikuwa bado juu ya vilima. Mwalimu alimsihi mwenyekiti, mwenyekiti akamwonyesha saa. Akatoka nje, nami nikamfuata. Alimweleza Nyar Kasipul yote kwa haraka, akasema anga la kule tayari linaingia wingu, nani ajuaye kama nyuma ya wingu jua halijatua. Mama alisema kujificha si kutua. Kisha akamtazama mwanawe, na uso wake sijausahau, ulikuwa uso wa mtu anayeshikilia mlango huku akiomba usukumwe. Akasema, "Akinyi, mimi sikushiki. Mdomo ni wako. Amua." Akinyi aliangalia vilima. Aliangalia mlango wa ukumbi, uliokuwa hatua chache tu. "Mwalimu, jua halijatua," alisema, akakaa.

Mwalimu Ogweno alirudi ndani akauliza ni nani anayejua mistari ya Akinyi. Wote walinigeukia mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Nilipanda. Kundi lilighani vizuri, na mwishoni nikajitokeza mbele nikasema kwamba mikono ya mama yangu imekwaruzika kwa chumvi, mimi ambaye mama yangu alikuwa na mikono laini iliyonukia karatasi. Katika shairi zima nilisema "sh" zangu zote sawasawa. Dirisha la upande wa benchi lilikuwa wazi. Tulikuwa wa kwanza, na yule mtawa aliniita, akaniuliza jina na darasa, akamwambia Mwalimu anilete Januari. Nilipaswa kusema jambo fulani pale. Sijui ni jambo gani hasa, na nimelitafuta tangu siku hiyo, lakini nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimechaguliwa, na nilifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Januari nilikwenda shuleni na blanketi alilonishonea Nyar Kasipul, na wiki hiyohiyo Akinyi alivuka maji kwenda Remba na mama mdogo wake. Hakuharibikiwa. Ana biashara kubwa leo, amesomesha watoto, na watu wakisikia kisa hiki huniambia mambo yamekuwa mema kwa wote. Mimi nimesikia Kiingereza cha wanafunzi wengi darasani kwangu, nami nakataa. Kuna mtu alipaswa kuwa mwalimu wao, na si mimi.

Lakini ninaloliona ninapofumba macho ni saa ile iliyofuata. Mgeni wa heshima alikuwa amekwenda, na mtawa alikuwa ameondoka katika gari lake. Viti vilikuwa vinapangwa. Jua likatua, mama akafunga Sabato kwa sala fupi pale kwenye benchi, na Mwalimu Ogweno, ambaye nadhani hakuweza kuvumilia, alitoka akamwambia, "Mama Akinyi, sasa mtoto aingie, tumsikie." Hakusema zaidi ya hayo. Akinyi aliingia akapanda jukwaani peke yake. Mbele kabisa mwanamke aliyekuwa akiokota chupa za soda alikuwa ameketi kupumzisha mgongo, na Nyar Kasipul, nikaona, alimwinamia kwa heshima kabla ya kukaa. Alidhani ndiye mwamuzi.

Akinyi alighani shairi zima, sehemu za kundi na sehemu yake. Sijawahi kulisikia hivyo kabla wala baadaye. Alipofika mistari miwili ya mwisho alimtazama mama yake moja kwa moja, akaisema taratibu, na watu wa viti waliacha kupanga. Yule mwanamke wa chupa akapiga makofi. Kisha Akinyi akashuka, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamfasiria kwa Kijaluo kile alichomficha kwa miezi yote, neno kwa neno, mikono, chumvi, wavu, kosa. Nyar Kasipul alifuta macho kwa upindo wa kitambaa chake. Akamwuliza Mwalimu Ogweno, "Ameshinda?"

Mwalimu, aliyekuwa na ndugu wa kila neno, hakupata hata moja. Ni Akinyi aliyejibu. Alisema, bila kusita, "Ndiyo, Mama, nimeshinda." Hilo ndilo neno pekee la uongo nililowahi kulisikia kinywani mwake, na alilisema akijua maana yake yote.

Mama akanigeukia mimi, uso wake wote umefunguka, akataka na rafiki amthibitishie. "Adhiambo, ni kweli?"

Kwa Kijaluo ulimi wangu ulikataa. Nikasema, "Yes." Nyar Kasipul akacheka kwa furaha, akasema kumbe watoto wake siku hizi hata ndiyo wanaisema kwa Kizungu, na akatutangulia mlangoni akianza wimbo. Akinyi alibaki amechuchumaa pale sakafuni, ananitazama.